Taa Inayoshika Damu

Glasgow,
14 Januari 2024

Baba mpendwa,

Chamgei, nakusalimu kwa lugha yetu. Kuanzia leo nitakuandikia barua. Dada Rodah amenieleza yaliyotokea baada ya simu ya Krismasi. Mimi nilisema, "Baba, nimeelewa," nawe ukaenda kanisani ukatangaza kwamba nimeolewa. Dada anasema akina mama walishaanza kuulizana mkwe ni wa wapi. Karatasi haina kelele, na wewe ulisoma na kuandika kitabu cha zamu kiwandani miaka thelathini na moja bila kukosea mstari. Tutaelewana zaidi hapa.

Umeniuliza mara tatu nafanya kazi gani huku, na mara tatu simu imetushinda. Nitajaribu polepole.

Tunachukua tone la maji lenye damu kidogo, tunaliweka kati ya vioo viwili vyembamba chini ya hadubini. Ndani yake kuna vitu vidogo vyekundu tunavyoviita seli. Ukipanga seli kumi bega kwa bega, upana wake ni kama wa unywele wako mmoja. Halafu tunapitisha mwanga wa leza, tunaukusanya kwa lenzi mpaka unakuwa nukta kali sana ndani ya lile tone. Mwanga una nguvu, Baba, ila ni ndogo mno, mimi na wewe hatuwezi kuihisi. Kitu kidogo kama seli kinaihisi. Kikipita karibu na ile nukta kinavutwa katikati yake, kinakaa hapo. Nikisogeza mwanga, nacho kinafuata. Hakuna koleo, hakuna sindano, hakuna kidole.

Kazi yangu ni kuishika seli hivyo, kuivuta kidogo, kisha kupima inachukua muda gani kurudi umbo lake. Seli laini inapita kwenye mishipa myembamba. Seli ngumu inakwama, na mwenye damu hiyo anaumwa.

Shida ni moja. Kila nikishika, baada ya muda kitu fulani kinatetemeka na seli inaniponyoka. Huu ni mwezi wa tatu nikihangaika nalo. Profesa anayenisimamia, mama mpole tu, ameniambia kwamba mwezi wa Machi ukiisha bila vipimo vya kuaminika atanihamishia kazi nyingine, ya kukaa kwenye kompyuta kutwa. Sitaki.

Mvua ya hapa ni kama ya Boito, ila haina radi.

Binti yako,
Tecla


Boito,
3 Februari 2024

Kwa Tecla,

Barua imefika. Nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena baada ya chakula.

Habari za hapa. Mvua Jumanne na Alhamisi. Ng'ombe wawili wanakamuliwa, mmoja amekauka. Majani yanatoka vizuri upande wa mtoni. Wavunaji ni wale wale, Nyambeki na wenzake wawili. Nyambeki ni yule Mama Velma aliyetoka Nyamira na mume wake Obure, wanakaa nyumba ya marehemu shangazi yako, ng'ambo ya ua. Velma wao ana miaka tisa. Wiki hii hakwenda shule. Miguu inamuuma tena. Zahanati walimpa dawa ya malaria tena.

Sasa kazi yako. Sikuelewa yote lakini kutetemeka naelewa. Mashine haitetemeki bila sababu, na mara nyingi sababu haiko ndani ya mashine yenyewe. Kuna mwaka beringi ya mashine ya kusaga majani ilikuwa inakufa kila baada ya miezi miwili. Tulibadilisha tatu. Kumbe ni feni ya kunyausha majani, upande wa pili wa ukuta.

Fanya hivi. Weka beseni la maji sakafuni karibu na meza yako. Punguza taa, washa tochi kwa pembeni, tazama uso wa maji. Usiguse kitu. Maji yakijikunja andika saa. Yakitulia andika saa. Fanya hivyo kutwa. Mtetemo wa watu hauna ratiba, wa mashine unayo. Ukishapata ratiba, tembea chumba kizima ukigusa kuta kwa kucha. Kucha, si kiganja. Mimi tangu masikio yapungue ndivyo nilivyofanya kazi miaka sita ya mwisho na meneja hakujua.

Sikuwahi kukuambia hiyo ya miaka sita. Sasa umejua.

Hiyo damu mnayoshika ni ya nani? Watu wanauliza.

Baba yako,
Bethwel


Glasgow,
25 Februari 2024

Baba mpendwa,

Ni friji.

Nilinunua beseni la plastiki la rangi ya waridi, nikakaa sakafuni na daftari. Wenzangu walipita wakicheka. Saa tatu na dakika nne asubuhi maji yakajikunja, mistari midogo kama mikunjo ya uso wa mzee, yakatulia baada ya dakika sita. Saa tatu na dakika ishirini na sita yakajikunja tena. Kutwa nzima, kila dakika ishirini na mbili. Nikatembea na kucha zangu ukutani mpaka nikafika kona ambapo kidole changu kilianza kuwasha. Nyuma ya ukuta huo, kwenye chumba cha watu wengine kabisa, kuna friji kubwa ya kuhifadhia dawa. Injini yake ilikuwa imeegemea ukuta. Walikubali kuisogeza hatua mbili na kuiwekea mpira chini.

Profesa aliniuliza nilijifunza wapi. Nilimwambia baba yangu ni fundi wa mitambo kiwanda cha chai. Akasema, "Mwambie asante," na hakuwa anatania.

Jana nimeshika seli moja dakika arobaini. Niliiwekea shanga mbili ndogo za kioo, moja kila upande, nikazishika kwa mianga miwili, nikavuta. Ilirefuka kama unga wa chapati uliokandwa. Nikaachia, ikarudi. Kisha nikaweka seli kutoka kwa mgonjwa. Uliuliza damu ni ya nani: ni ya watu wanaokubali wenyewe, wazima na wagonjwa. Huyu ana ugonjwa wa selimundu, ambapo seli zinajipinda kama mundu. Ilikuwa ngumu, Baba. Haikutaka kurefuka. Nimekuchorea hapa chini, ya duara ni ya mzima, iliyopinda ni ya mgonjwa. Sasa naziona zote mbili, nazishika, nikitaka naisogeza ile mbaya mpaka pembeni na kuibakiza nzuri katikati. Natamani ungeona.

Sitahamishwa tena. Desemba nakuja nyumbani.

Tecla wako


Boito,
20 Aprili 2024

Kwa Daktari Tecla,

Hunijui vizuri. Mimi ni Nyambeki, jirani wa baba yako, ninavuna chai yake. Nimechukua anwani yako nyuma ya bahasha. Mzee hajui ninakuandikia, na Rodah naona haya kumuuliza, ni mwalimu na mimi niliacha shule darasa la saba. Utanisamehe mwandiko.

Mzee ametueleza habari ya taa yako. Hata kanisani alieleza. Alisema unatumia mwanga kushika damu mbaya na kuitenga pembeni, nzuri inabaki. Ametuonyesha mchoro. Nilipouona ule mchoro nililia, kwa sababu zahanati waliniambia Velma ana damu mbaya na hawakusema mbaya namna gani, na hapa kulikuwa na picha yake.

Velma anaumwa miguu na mikono tangu akiwa mdogo. Vidole vilikuwa vinavimba hata kabla hajatembea. Macho yanakuwa ya manjano. Siku hizi anachoka akipanda kilima tu. Mwezi wa tatu Baba Velma alitaka tumpeleke hospitali kubwa Kericho. Mimi nikamwambia, tungoje Desemba, Tecla anakuja na taa, kwa nini mtoto achomwe sindano nyingi wakati kuna kitu hakina hata sindano. Tukabishana. Nikashinda.

Kwa hivyo nauliza mambo machache ili tujitayarishe. Siku hiyo asile? Mwanga unachoma? Itachukua siku moja au zaidi? Na je, mimi naweza kumshika mkono wakati unafanya, au nitaharibu?

Kuku mmoja mwekundu nimekuwekea. Si malipo, ni wa kukukaribisha.

Nyambeki, Mama Velma


Glasgow,
4 Mei 2024

Mama Velma,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Kabla ya kuketi kuandika nimempigia Rodah simu, nikamwambia aende kwako leo leo na gari, ampeleke Velma Kericho. Ukisoma haya mtakuwa mmeshaenda. Lakini una haki ya kusikia kutoka kwangu mwenyewe.

Mimi si daktari wa kutibu watu. Ni mwanafunzi. Taa yangu inashika seli moja kwa wakati, kwenye tone la maji kati ya vioo viwili. Katika mwili wa Velma kuna seli nyingi kuliko majani yote ya chai ya huko kwetu Konoin, na taa haiwezi kuingia humo. Haisafishi damu ya mtu. Haijamponya mtu hata mmoja. Tunachofanya ni kupima, ili wanaotengeneza dawa wajue zaidi. Hata ningekuja Desemba na taa yote, nisingeweza kumsaidia mtoto wako kwa lolote.

Siwezi kumpima Velma kwa barua. Lakini uliyoandika yote, vidole kuvimba utotoni, macho ya manjano, maumivu ya miguu, kuchoka, yanafanana sana na ugonjwa wa selimundu. Mwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno, na uombe wapime hilo. Ukiwa ndio, kuna dawa. Haziondoi ugonjwa, lakini watoto wengi wanaozitumia wanaishi vizuri na wanasoma.

Uliuliza kama unaweza kumshika mkono. Mshike. Usimwachie.

Mfuge kuku wako. Mimi ndiye ninayepaswa kukuomba msamaha.

Tecla


Glasgow,
4 Mei 2024

Baba,

Nyambeki ameniandikia. Kwa nini ulimwambia hivyo? Mtoto amekaa nyumbani akiumwa kwa sababu mama yake ananingoja mimi.

Nenda ukamwambie ukweli. Usimtume Rodah. Nenda wewe.

Tecla


Boito,
23 Juni 2024

Kwa Tecla,

Barua yako ya tarehe nne Mei ilifika tarehe ishirini. Nimechelewa kujibu. Naandika kwa mpangilio.

Tarehe nne, Jumamosi. Rodah alifika kutoka Chepseon alasiri. Alinipita bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Velma. Niliona midomo ikitembea. Niliona Mama Velma ameketi chini penye majani, kikapu bado mgongoni. Mtoto akabebwa garini. Rodah akachukua daftari langu akaandika: "Tecla hatibu watu. Ulimwambia nini huyu mama?" Nikaingia garini. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenitoa.

Kericho walimpima. Damu ilikuwa imepungua sana. Majibu yalipotoka ilikuwa kama ulivyodhani. Daktari kijana alimchorea Mama Velma seli ya duara na seli ya mundu. Mchoro huo nilikuwa nao mfukoni miezi miwili nikiuonyesha watu. Mtoto akaongezewa damu. Daktari akasema tungengoja hadi Desemba tungempoteza. Alisema akinitazama mimi, alidhani mimi ndiye babu. Sikumsahihisha.

Kesho yake wakasema familia ilete watu wa kurudisha damu. Obure alitoa. Mimi walinikataa, nimepita umri.

Jumapili iliyofuata, tarehe kumi na mbili, nilisimama kanisani wakati wa matangazo. Nilisema hivi: "Mwezi wa tatu niliwaambia hapa Tecla anasafisha damu ya watu kwa taa. Si kweli. Anashika seli moja, anaipima, anaiacha. Nilisema jambo nisilolijua, na mtoto wa jirani yangu karibu afe." Mchungaji alinishika mkono ili niketi. Nikautoa. Nikasema: "Hospitali inataka damu. Nani atakwenda nami kesho?" Sikujua kama kuna aliyejibu. Niliona mikono. Kipruto wa maziwa. Osoro na mke wake. Wengine wanne. Walienda wote saba.

Kisha nilikwenda kwa Mama Velma kama ulivyotaka. Nilikwenda kabla barua yako haijafika, hilo nataka ulijue. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia nimekuja kukiri mbele yake, kosa ni langu peke yangu. Hakuinua uso. Nilisimama mpaka maharagwe yakaisha. Akaingia ndani.

Umeuliza kwa nini. Mtu asiyesikia vizuri hupata maneno matatu kati ya kumi, yale saba anayatia mwenyewe. Nimefanya hivyo miaka mingi na mara nyingi yanaangukia mahali pake. Barua yako niliisoma hivyo hivyo. Uliandika unaisogeza ile mbaya pembeni. Mimi nikatia yaliyobaki. Na nilitaka yawe kweli, Tecla. Mtoto alikuwa analia ng'ambo ya ua hata mimi nilikuwa namsikia, na binti yangu alikuwa na taa.

Velma ametoka hospitali. Anatumia dawa. Mama yake anavuna chai yangu lakini hasemi nami. Naona ni haki.

Bethwel


Glasgow,
9 Julai 2024

Baba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimeketi.

Si kosa lako peke yako. Nilipoandika lile la kusogeza seli mbaya pembeni nilikuwa najivuna. Nilitaka uone ukubwa wa kazi yangu. Na watu wa nyumbani wameniita daktari tangu nipande ndege, wala sijawahi kumrekebisha hata mmoja. Ilikuwa tamu kusikia.

Usimlazimishe Mama Velma kusema nawe. Lakini usijitenge naye. Nyumba ni jirani, na siku za kliniki ni nyingi.

Na nisamehe kwa barua ile ya mistari michache. Hata salamu sikuandika.

Binti yako,
Tecla


Boito,
15 Septemba 2024

Kwa Tecla,

Ni Nyambeki tena. Nimeacha kukuita daktari, natumaini hutakasirika.

Velma yuko shuleni. Tangu mwezi wa saba amekosa siku nne tu. Anameza dawa kila siku na kunywa maji mengi mpaka mwalimu analalamika kwamba anatoka darasani kila wakati.

Nilikasirika na baba yako sana, nawe kidogo, nami mwenyewe kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye niliyebishana na Baba Velma. Nataka nikuambie ilivyokwisha.

Kila siku ya kliniki nilikuwa namkuta mzee barabarani amevaa koti lake la kanisani, anatungoja. Sikumsalimia. Alikuwa anapanda gari nyuma yetu, anabeba chupa ya maji ya Velma, anarudi nasi. Mwezi wa sita, wa saba. Siku moja mwezi wa nane foleni ilikuwa ndefu, mimi nikasinzia pale kwenye benchi. Nilipoamka Velma hayupo. Nilikimbia mlangoni kwa daktari, nikamkuta ndani na mzee. Mzee hasikii mtu akiitwa, kwa hivyo alikuwa amemwomba muuguzi ampungie mkono. Mbele ya daktari kulikuwa na daftari.

Kumbe tangu mtoto atoke hospitali, mzee amekuwa akimuuliza kila jioni pale uani, leo umeumwa wapi, saa ngapi, ulikuwa umefanya nini. Ameandika yote kwa mistari, kama mambo ya kiwandani. Daktari alikuwa anasoma na kutikisa kichwa. Akaniuliza, "Mama, huyu mtoto hupitia wapi kwenda shule?" Nikasema njia ya mkato, katikati ya chai. Akanionyesha kwenye daftari. Karibu kila mara maumivu yalikuja jioni ya siku aliyopita huko asubuhi yenye umande, akafika shuleni amelowa hadi kiunoni. Baridi ndiyo inayomwamsha huyo adui. Mimi mama yake sikuwa nimeona.

Siku hizi anazunguka kwa barabara, na viatu vya mpira, na koti la mvua. Ndiyo maana siku ni nne tu.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia mzee, "Kesho njoo unywe chai." Hakusikia. Nikamshika bega nikarudia. Akasema, "Saa ngapi?"

Velma anauliza swali, nimemwahidi nitaliandika: ukishika seli kwa mwanga, inaumia? Na zake zinafananaje?

Nyambeki


Glasgow,
6 Oktoba 2024

Mpendwa Velma,

Mama yako ameniletea swali lako. Ni swali zuri, hata profesa wangu nimemsomea.

Seli haina mahali pa kusikia maumivu, kwa hivyo haiumii. Lakini inaweza kupata joto mwanga ukizidi, nayo ikaharibika. Mwanzoni niliharibu nyingi. Sasa najua kipimo. Namulika kwa kiasi cha kuishika tu, si zaidi.

Zako sijaziona, siwezi kukudanganya. Nitakuambia za mtu mwingine. Kuna dereva wa basi hapa mjini mwenye ugonjwa kama wako. Mwaka jana, kabla hajaanza dawa, alitupatia damu kidogo na mwenzangu akazipima seli zake. Nyingi zilikuwa ngumu. Zikivutwa zinarefuka kidogo tu, zikiachiliwa zinarudi kwa uvivu. Baadaye akaanza kutumia dawa ileile unayomeza wewe. Mwezi uliopita alikuja tena. Nilizishika mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine, mia mbili na kumi. Bado zipo ngumu. Lakini nyingi sasa zinarefuka vizuri na kurudi upesi. Nilipomaliza kuhesabu nilienda kunywa chai peke yangu nikiwa na furaha sana.

Siwezi kusema zako zimefanya hivyo hivyo. Kila mtu na mwili wake. Ninachoweza kusema ni kwamba ile dawa yako nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu, mwangani.

Desemba nitakuja bila taa. Ni nzito kuliko ng'ombe wa Baba na haiwezi kuondoka mezani. Nitakuja na kitu kingine kidogo cha shule yenu.

Rafiki yako,
Tecla


Boito,
26 Januari 2025

Kwa Tecla,

Natumaini ulifika salama. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Rodah alikuja Jumamosi, akala mahindi yote uliyoacha.

Mama Velma anasema uliondoka na chai yake robo kilo tu na angekupa zaidi. Obure amepata kazi ya kudumu karakana ya shamba la chai. Nilimfundisha kusikiliza beringi kwa bisibisi.

Sasa habari ya hadubini uliyoiletea shule. Jumatatu mwalimu Kipkirui aliifungua darasani. Alinialika kwa sababu ya skrubu moja iliyolegea. Nilikaza. Watoto walitazama ngozi ya kitunguu, kisha bawa la nzi. Halafu Velma akasema anataka kutazama damu yake. Mwalimu akakataa, akasema hana ruhusa. Velma akatoa karatasi mfukoni. Mama yake alikuwa ameandika kwamba anakubali, sharti muuguzi wa zahanati ndiye amtoboe kidole. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Mama na binti walikuwa wamepanga yote.

Tone moja. Mwalimu akaliweka kiooni, akatafuta muda mrefu, akanipisha mimi kwanza. Nyingi za duara, Tecla. Hapa na pale moja imepinda, kama ulivyochora. Miaka sitini na sita na sikuwa nimewahi kuona.

Kisha Velma akapanda kwenye stuli. Alitazama kuliko wote. Foleni nyuma yake ilianza kusukumana, mwalimu akamgusa mgongoni, hakuondoka. Mwishowe akageuka, akanielekezea uso nisome midomo.

"Ni hizi tu?"

Nikamwambia ni hizo.

"Ndogo hivi," akasema.

Akainama akazitazama tena kidogo. Halafu akampisha Moureen, aliyefuata kwenye foleni, akatoka nje kucheza.

Baba yako,
Bethwel